Kujenga modeli ya mbao ya Boeing XB-15 kwa kipimo cha 1:72

XB-15 ilijengwa moja tu. Kikosi cha anga cha Jeshi la Marekani kiliipa Boeing mkataba mwaka 1934, kikitaka ndege ya mabomu itakayokwenda mbali kuliko zote zilizokuwapo. Iliruka kwa mara ya kwanza Oktoba 15, 1937, ikapewa namba 35-277, na ya pili haikujengwa. Kilichoikwamisha kinaonekana kwa macho, na modeli nzuri lazima ikionyeshe: bawa lilikuwa kubwa mno kwa injini za wakati ule. Eneo la mabawa lilikuwa mita za mraba 258, karibu mara mbili ya B-17, ndege ya mabomu iliyotoka kiwanda hichohicho (mita za mraba 132). Injini zenyewe zilikuwa Pratt & Whitney R-1830 nne, kila moja nguvu za farasi 1,000 wakati wa kupaa, na ndege ikijazwa kabisa ilipita kilo 32,000. Mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kama kilomita 320 kwa saa, ambao haukutosha kwa ndege ya vita ya miaka hiyo.

Basi kazi yote ya modeli hii iko kwenye bawa. Ukilifanya jembamba, au ukizifanya injini nene, watu watadhani umejenga B-17 iliyovimba. Mwongozo huu unatumia muda mrefu kwenye bawa, na kwingine unapita haraka.

Mchoro kwanza

Ndege halisi ilikuwa na upana wa mabawa mita 45.43, urefu mita 26.70 na kimo mita 5.51. Kwa 1:72 unapata upana milimita 631, urefu 371, kimo 76 na nusu. Kama meza yako ni ndogo, 1:144 itakupa upana wa milimita 315, lakini vipande vya injini vitakuwa vidogo sana kwa anayeanza.

Tafuta mchoro wa pande tatu (juu, ubavu, mbele) na usiuamini kabla ya kuupima. Michoro mingi imepigwa picha, ikachapishwa, ikapigwa picha tena, na karatasi ikavutika upande mmoja. Pima upana wa mabawa kwenye mwonekano wa juu, pima urefu kwenye mwonekano wa ubavu, kisha gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Jibu liwe 1.70. Ukipata 1.66 au 1.75, mchoro umevutika. Tafuta mwingine au urekebishe upande mmoja kwa kompyuta. Baada ya hapo kuza: kama upana kwenye karatasi ni milimita 200, chapisha kwa asilimia 315.5. Chapisha nakala tatu, kwa sababu moja utaikata, moja itaharibika kwa gundi, na moja ibaki ukutani.

Vitu vya kuwa navyo

Balsa ya unene wa milimita 10, mbao tatu za upana wa milimita 100 na urefu wa mita moja: mbili kwa mabawa na moja kwa kiwiliwili. Balsa ya milimita 4 kwa mkia, kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha. Bapa la alumini la upana wa milimita 12, unene 2, urefu 300. Pale balsa isipopatikana, mbao laini ya msindano iliyokauka vizuri inafaa, ila modeli itakuwa nzito na miguu ya magurudumu lazima iwe ya waya mnene zaidi. Mninga na mvule ni mbao bora za samani. Hapa zitakumalizia msasa bure.

Ongeza gundi nyeupe ya mbao, gundi kali ya haraka, msasa namba 120, 240, 400 na 800, kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, randa ndogo, pati laini, karatasi za manila, waya wa chuma wa milimita 1.5, uzi mwembamba wa kushonea, na tepu ya kuzibia rangi. Rangi tutazitaja tukifika huko.

Bawa

Kwenye ndege halisi bawa lilikuwa nene kiasi kwamba fundi aliweza kupita ndani yake na kuifikia injini ndege ikiwa angani. Bawa hilohilo ndilo lililokuja kutumika kwenye ndege kubwa ya maji ya Boeing 314. Kwa umbo la ubavu wa bawa tunapendekeza lile la B-17, NACA 0018 kwenye shina (pale bawa linapoungana na kiwiliwili) na NACA 0010 kwenye ncha; NACA lilikuwa shirika la Marekani la utafiti wa anga lililoyapa maumbo hayo namba. Ni umbo linganifu, yaani juu na chini ni sawasawa, na hilo linarahisisha sana kazi ya mbao kama utakavyoona.

Namba mbili za mwisho ni unene kwa asilimia ya upana wa bawa mahali hapo, kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Chukulia mchoro wako unatoa milimita 105 kwenye shina na 53 kwenye ncha. Unene wa shina ni 105 × 0.18, karibu milimita 19. Wa ncha ni 53 × 0.10, milimita 5.3. Zidisha 19 kwa 72: ni karibu mita 1.37. Hapo unaelewa mtu alipitaje.

Kata vipande vinne vya balsa ya milimita 10, viwili kwa kila bawa, nyuzi za mbao zikienda kutoka shina kwenda ncha. Kwa kuwa mbao ina upana wa 100 na shina linataka 105, gundisha ukanda wa milimita 10 upande wa mbele. Usiuweke nyuma: huko mbao itabaki nyembamba kama karatasi na mshono utafunguka ukipiga msasa.

Kabla ya kubandika tabaka mbili, chonga mfereji wa upana wa milimita 12 na kina cha 2 kwenye uso wa juu wa tabaka la chini, ukianza shinani na kwenda milimita 130 ndani, ukiwa kwenye asilimia 30 hadi 35 ya upana kutoka mbele. Humo litalala bapa la alumini. Milimita 40 za katikati ya bapa zitapita ndani ya kiwiliwili. Kama kiwiliwili chako ni kipana au chembamba zaidi ya hapo, badilisha urefu wa mifereji.

Mabawa yana mwinuko kuelekea nchani. Pima pembe kwenye mwonekano wa mbele. Kwa bawa la milimita 315, kila digrii moja huinua ncha milimita 5.5. Kunja bapa katikati kwa jiriwa, pembe hiyo yote kila upande wa mkunjo, ulilinganishe na mchoro, ndipo ulitie kwenye mifereji kwa gundi kali. Sasa paka gundi nyeupe nyembamba kwenye nyuso zote mbili za kila jozi, siyo uso mmoja. Gundi ya maji ikinywewa na upande mmoja tu, mbao hujikunja kama gamba la mgomba, na bawa lililojikunja halinyooki tena kwa msasa. Kandamiza kwa vitabu vizito juu ya kioo au meza iliyonyooka kweli, kwa saa 24, ukitumia vipande vya mbao kubeba ncha ili mwinuko usipotee.

Mshono kati ya tabaka mbili sasa ndio mstari wa katikati wa bawa. Kwa umbo linganifu, ukingo wa mbele na wa nyuma yote miwili iko juu ya mstari huo. Upake wino mwekundu kuzunguka bawa lote, na usiufute mpaka dakika za mwisho. Ukiona mstari umepanda upande mmoja na kushuka mwingine, umechonga bawa lililopinda.

Chonga kwa mpangilio huu. Kwanza sura ya juu, ukifuata mchoro. Pili mteremko wa unene: kila uso unashuka kutoka milimita 9.5 juu ya mshono kwenye shina hadi 2.7 kwenye ncha, na randa ndogo inafanya kazi hiyo kwa dakika chache. Tatu, piga mstari wa penseli kwenye asilimia 30 ya upana kutoka shina hadi ncha, juu na chini. Hapo ndipo bawa lina unene wake mkubwa, na mstari huo hauguswi na randa wala msasa. Kinachobaki ni kuondoa mbao mbele na nyuma yake.

Tengeneza vipimio vya manila vitatu: cha shina, cha katikati na cha ncha. Kila kimoja ni kipande cha kadi chenye tundu la umbo la nusu ya bawa, la kuvalisha juu yake. Kwa upana wa milimita 100, urefu kutoka mstari wa katikati kwenye NACA 0018 ni huu:

asilimia 5: mm 5.3
asilimia 10: mm 7.0
asilimia 20: mm 8.6
asilimia 30: mm 9.0
asilimia 40: mm 8.7
asilimia 50: mm 7.9
asilimia 60: mm 6.8
asilimia 70: mm 5.5
asilimia 80: mm 3.9
asilimia 90: mm 2.2

Kwa shina la milimita 105 zidisha kila namba kwa 1.05. Kwa ncha ya 53 yenye NACA 0010 zidisha kwa 0.53, kisha gawanya kwa 1.8. Kipimio cha katikati unakipata kwa wastani wa hivyo viwili.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kupiga msasa kwa vidole. Vidole hubonyea, vinakula sehemu laini na kuacha ngumu, na bawa linatoka na mabonde yasiyoonekana mpaka rangi ya fedha ipakwe. Bandika msasa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka cha milimita 150, usugue kwa kuvuka mshazari. Ukingo wa nyuma uishie na unene wa milimita 0.6 hivi, ukiuacha na milimita 2, kwa ndege halisi hiyo ni sentimita 14, na jicho linaona hata kama mtu hajui anachokiona.

Kiwiliwili na mkia

Kata vipande vya balsa vya urefu wa milimita 380, vipange tabaka kwa tabaka hadi upate bonge la nusu ya kushoto na bonge la nusu ya kulia. Zibandike nusu hizo mbili zikiwa na karatasi ya gazeti katikati. Chonga kwa nje kama kitu kimoja, kwanza sura ya ubavu, halafu ya juu, halafu viringisha pembe. Ukimaliza, ingiza wembe kwenye gazeti na nusu zitaachana safi. Chimba ndani kuta zibaki milimita 4, weka sakafu ya chumba cha marubani, kata tundu la bapa la bawa kwa kufuata kimo kilichoonyeshwa na mchoro, kisha funga moja kwa moja.

Watu kumi walifanya kazi humo, wakiwa na vitanda vya kupumzikia, jiko dogo na choo, kwa sababu safari ilikuwa ya saa nyingi. Madirisha ni mengi kuliko unavyotarajia kwa ndege ya mabomu ya miaka hiyo, na yahesabu kwenye picha ya ubavu uliouchagua, kwa kuwa kushoto na kulia havifanani. Bunduki zilikuwa sita: puani, juu ya mgongo, makuba mawili ya kioo ubavuni, na sehemu mbili chini ya tumbo, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma. Makuba ya kioo yanatengenezwa kwa plastiki ya chupa ya maji: chonga kiolezo cha mbao ngumu, vuta plastiki iliyopashwa juu ya mshumaa au jiko hadi ilegee, ishike kwa sekunde kumi, kata. Plastiki ikifanya ukungu mweupe, imezidi moto.

Mkia ni wa balsa ya milimita 4, ukingo umeviringishwa mbele na kuchongoka nyuma. Hakikisha bawa la mkia liko sambamba na mhimili wa mabawa kwa kutazama modeli kutoka mbele, jicho moja limefungwa, kabla gundi haijakauka.

Injini

Hapa ndipo unapojizuia. R-1830 ina kipenyo cha mita 1.22, yaani milimita 17 kwa kipimo chetu, na kifuniko kinachoizunguka kisizidi 19 kwa nje. Zitaonekana ndogo. Ziache hivyo, ndege ilikuwa hivyo.

Viringisha ukanda wa manila uliopakwa gundi nyeupe kwenye fimbo ya milimita 17 iliyozungushiwa nailoni, tabaka nne au tano, mpaka upate 19. Ikikauka, lowesha kwa gundi kali na kata pete nne zinazolingana. Ukingo wa mbele uviringishe kwa msasa 400.

Injini yenyewe ina mitungi 14 katika safu mbili za saba, na ile ya nyuma inachungulia kwenye nafasi za ile ya mbele. Kwa kila injini kata vijiti 14 vya urefu wa milimita 5 kutoka kwenye mti wa mshikaki wa milimita 2.5. Zungusha uzi kwenye kila kijiti, mzunguko ukigusana na mwenzake, kisha tone moja la gundi kali. Uzi huo unakuwa mapezi ya kupoozea, na ukipakwa rangi ya chuma iliyochakaa unatosha hata mtu akisogeza pua yake karibu. Kwa injini nne ni vijiti 56. Fanya vyote siku moja, la sivyo unene wa uzi utatofautiana.

Nyumba za injini zipange kwa mstari wa mbele wa ndege, siyo kwa ukingo wa bawa. Ukingo wa mbele umeteremka kuelekea nyuma, na ukiufuata, injini za kushoto zitatazama kushoto na za kulia zitatazama kulia. Bandika kwa muda fimbo ya milimita 200 ndani ya kila moja, pima umbali kati ya fimbo kwenye shina na kwenye ncha yake. Vipimo vikilingana, funga.

Propela zina pala tatu. Ukiwa umekaa kiti cha rubani zinazunguka kwa mwelekeo wa saa, zote nne. Ukizitazama kutoka mbele zinakwenda kinyume cha saa. Watu wengi hupinda pala upande usio sahihi, na akipita mtu anayejua ndege ndicho kitu cha kwanza atakachokiona.

Magurudumu

Kila mguu mkuu ulibeba magurudumu mawili, kwa sababu ya uzito. Tumia waya wa milimita 1.5 ulioingia angalau milimita 15 ndani ya nyumba ya injini ya ndani na kugusa mbao ya bawa, siyo pati. Gurudumu la mkia lipo, hivyo huhitaji risasi wala uzito wowote puani. Modeli inakaa chini yenyewe. Miguu ikitanuka baada ya wiki moja, shida ni gundi iliyowekwa juu ya rangi. Kwaruza rangi hadi mbao na uanze upya.

Rangi

Ziba vinyweleo vya balsa kwanza. Changanya vanishi na poda ya mtoto mpaka iwe kama uji mwepesi, paka mara tatu, ukipiga msasa 400 kila baada ya tabaka. Halafu rangi ya msingi ya kijivu. Kijivu kitakuonyesha mikwaruzo yote. Ijaze pati, subiri siku moja kwa kuwa pati hunywea ikikauka, piga msasa 800, rudia. Rangi ya fedha haifichi chochote, inatangaza.

Jambo linaloipa XB-15 sura yake ni hili: bawa halikuwa la chuma lote. Nyuma ya mhimili mkuu (boriti ya ndani inayobeba bawa) lilifunikwa kitambaa kilichopakwa rangi ya fedha, na mbele yake lilikuwa alumini tupu. Kwenye picha nzuri sehemu hizo mbili zinarudisha mwanga tofauti kabisa. Modeli iliyopuliziwa fedha moja mwili mzima inaonekana kama mwanasesere wa plastiki.

Kwanza onyesha mbavu chini ya kitambaa. Bandika nyuzi za tepu za upana wa nusu milimita kutoka mhimili hadi ukingo wa nyuma, zikifuata mpangilio wa picha, kisha paka rangi ya msingi mara mbili na sugua kwa 800 mpaka ukucha uzihisi lakini jicho lizione kwa taabu. Puliza fedha isiyong'aa kwenye bawa lote na kwenye usukani wa mkia. Ikikauka kwa saa 24, ziba sehemu ya kitambaa kwa tepu, ukingo wa tepu ukifuata mhimili. Sehemu ya mbele na kiwiliwili paka nyeusi inayong'aa, subiri siku mbili, ndipo upulize alumini kwa ukungu mwembamba kutoka sentimita 25. Weusi ulio chini ndio unaoifanya ionekane chuma.

Tumia rangi za aina moja. Rangi ya selulozi ya magari ikipulizwa juu ya rangi ya mafuta huikunja kama ngozi iliyoungua, na dawa yake ni kuondoa yote. Jaribu kila mpangilio kwenye kipande cha balsa kabla ya kuugusa mradi.

Chagua mwaka kabla ya kuweka alama

Kwa ndege ya 1938 hadi 1940, weka duara la bluu lenye nyota nyeupe na kitone chekundu katikati, juu na chini ya mabawa yote mawili, na maandishi meusi U.S. ARMY chini ya mabawa. Mwaka unaostahili zaidi kwa maoni yetu ni 1939. Februari mwaka huo Meja Caleb V. Haynes na wenzake waliipeleka Chile ikiwa na zaidi ya kilo 1,400 za dawa na vifaa vya tiba kwa waathirika wa tetemeko la Chillán, na wakatunukiwa Mackay Trophy, tuzo ya safari bora ya anga ya mwaka. Julai ya mwaka huohuo ikainua mzigo wa zaidi ya kilo 14,000, rekodi ya dunia.

Kitone chekundu kiliondolewa kwenye ndege zote za jeshi la Marekani Mei 1942, hivyo usikiweke kwenye modeli ya baada ya hapo. Mwaka 1943 XB-15 iligeuzwa ndege ya mizigo, ikaitwa XC-105, bunduki zikatolewa na mlango mkubwa wa mizigo ukawekwa. Ilibeba askari na shehena kutoka Panama, ambako ilivunjwa mwaka 1945. Ukitaka kujenga hiyo, rangi ni kijani cha zeituni juu na kijivu chini. Unaruka kazi yote ya alumini, lakini mbavu za kitambaa ziache, kwa sababu chini ya mwanga wa pembeni bado zinaonekana.